Jinsi nilivyopata kipimo cha kweli cha dawa ya magugu mwilini mwangu

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikitunza bustani za watu Karen na Lang'ata jijini Nairobi, na msimu wa mvua ukifika, pampu ya dawa ya magugu haikosi mgongoni mwangu karibu kila wiki. Mke wangu alipopata habari kwamba mwaka 2015 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka glaifoseti, yaani kemikali inayoua magugu ndani ya dawa ninayotumia, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, hakunipa amani mpaka nikakubali kupimwa, ingawa nilimweleza kwamba wadhibiti wa Ulaya walifikia uamuzi tofauti.

Mara ya kwanza nilipoteza pesa bure. Nilikuwa nimenyunyizia Ijumaa mchana, nikaenda kliniki ya mtaani Jumatatu asubuhi, baada ya kunywa karibu lita mbili za maji kwa sababu jirani alinihakikishia kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kijana wa maabara alitumbukiza kijiti cha rangi kwenye mkojo, akaniambia, "Mzee, mkojo wako ni safi kabisa." Kijiti kile huonyesha sukari, protini, damu na dalili za maambukizi, wala hakiwezi kuitambua dawa ya magugu hata kidogo. Bado naudhika nikikumbuka nilivyorudi nyumbani nikimtuliza mke wangu kwa jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenikutanisha na mkemia ambaye hutuma sampuli Ujerumani, kwenye mashine zinazotambua molekuli kwa uzito wake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, ulimaliza kunyunyizia saa ngapi?" Alinieleza kwamba glaifoseti inayoingia mwilini hutoka kwenye mkojo bila kubadilika sana, na kwamba nusu yake hupungua ndani ya saa tano hadi kumi hivi, kwa hiyo mkojo wangu wa Jumatatu haungekuwa na la kusema hata kwenye mashine bora. Maji mengi nayo huuzimua mkojo. Ndiyo maana maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli ambayo mwili huitoa kwenye mkojo, na ikiwa chini ya gramu 0.3 kwa lita, sampuli huhesabiwa kuwa nyepesi mno.

Safari hii nilijipanga. Nilichukua mkojo wa alfajiri kabla ya kazi, kisha wa jioni na wa asubuhi iliyofuata, kila mmoja kwenye kikopo cha plastiki, kwa kuwa glaifoseti huweza kung'ang'ania kwenye glasi. Hila ninayojivunia zaidi ni kikopo cha nne. Nilikijaza maji ya chupa, nikakibeba mpaka shambani, nikakifungua na kukifunga mahali palepale nilipofungua vile vingine, kwa mikono ileile iliyooshwa kwa sabuni. Kama dawa ingeonekana kwenye maji yale, ningejua kwamba imetoka kwenye vidole au nguo zangu, wala si kwenye figo. Vikopo vyote nilivipa namba tu, nikavigandisha kwenye friza chini ya sukuma wiki hadi mkemia alipovichukua. Gharama yote, pamoja na usafirishaji, ilikaribia mapato yangu ya wiki tatu.

Majibu yalipokuja, maji yalikuwa hayana kitu, na mkojo wa kabla ya kazi haukufikia kiwango ambacho mashine huweza kuona. Wa jioni ulikuwa na mikrogramu kati ya tatu na nne kwa lita, na wa asubuhi ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Mkemia alinionya kwamba namba hiyo inaonyesha dawa imeingia. Haisemi kwamba nitaugua.

Kwangu swali likawa imeingilia wapi, maana glavu na gambuti nilivaa. Nilijaza pampu maji matupu, nikaibeba nusu saa nikiwa na shati kavu la kijivu, na nilipoivua niliona doa la unyevu lenye upana wa kiganja juu kidogo ya mshipi. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka. Niliununua mwingine Gikomba kwa bei ya chai na mandazi, nikaongeza aproni ya plastiki mgongoni, na nilipopima tena mkojo wa jioni mwezi uliofuata, mashine iliona chini ya mikrogramu moja.