Dhahabu juu ya nyuzi za kuvu

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kuunganisha kuvu hai na chembe za nano (chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita) ni kazi ya kuchanganya tu. Siku nilipojaribu mwenyewe, kwa unga laini wa grafiti, unga ulielea juu ya maji kama masizi, ukajikusanya mabongemabonge kwenye kingo za chombo, na kuvu ikaota upande wa pili kana kwamba unga haukuwepo.

Nilikuwa nimesahau kwamba hapa mjenzi ni kuvu yenyewe. Kila uzi wake, wenye unene wa mikromita 2 hadi 10 hivi, hurefuka kwenye ncha, ukijijengea ukuta mpya wa kitini na glukani, ambazo ni aina za sukari zilizoungana kuwa minyororo mirefu, na chembe iliyo jirani hunasa juu ya ukuta huo, mradi iwe imetawanyika vizuri majini na isiwe sumu kwa kuvu.

Sharti hilo la kutawanyika lilitimizwa kwa ustadi mwaka 2003 na kundi la Chad Mirkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lililokuza kuvu kama Aspergillus niger katika kimiminika chenye chembe za dhahabu zilizovishwa vipande vya DNA. Dhahabu yenye upana wa nanomita 13 hivi si ya njano. Majini huwa nyekundu iliyokolea. Chumvi iliyomo katika chakula cha kuvu ingetosha kuzigandamanisha chembe tupu, nayo rangi ingegeuka zambarau, lakini vazi la DNA lilizuia hilo, na nyuzi zikajifunika dhahabu kadiri zilivyokua.

Hata hivyo, neno "hai" hutumiwa kwa ukarimu mno. Bidhaa nyingi za maiselia, yaani mtandao wa nyuzi za kuvu, hukaushwa kwa joto hadi kuvu ife, na kinachobaki ni kiunzi chake tu. Sioni ubaya, ila tuseme hivyo waziwazi.

Uyoga wa mwaka 2018 ni habari nyingine. Sudeep Joshi na Manu Mannoor, wa Stevens Institute of Technology huko New Jersey, walichapa juu ya kofia ya uyoga mweupe matawi ya wino wa utepe wa grafeni (tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja), kisha mstari uliojizungusha wa sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, ambao hutoa elektroni wanapomulikwa. Mkondo uliopatikana ulikuwa kama nanoampea 65, na nanoampea milioni moja ndizo miliampea 1. Taa ndogo ya LED inayohitaji miliampea 1 ingedai uyoga zaidi ya 15,000, na hapo hatujauliza habari ya volti. Magazeti yalishangilia umeme huo. Mimi nilivutiwa zaidi na kipimo kingine: sayanobakteria hao waliishi siku kadhaa zaidi juu ya uyoga hai kuliko juu ya silikoni au uyoga uliokufa, kwa kuwa kofia hai iliwapa unyevu na virutubisho ambavyo hakuna aliyevichapa.