Mnaoiruka "Scott's Tots", rudini muitazame

Wapenzi wa The Office, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani, wana episodi moja ambayo wengi wao hawataki hata kuisikia ikitajwa. Wapo wanaorudia tamthilia yote, sizoni tisa, episodi 201, wakimaliza wanaanza upya, lakini wakifika sizoni ya sita wanairuka hiyo moja. Mtandaoni kuna hadi kikundi cha watu waliokutanishwa na jambo hilo tu: hawawezi kuitazama "Scott's Tots". Wanasema aibu inawazidi, wanafunika uso, wanatoka chumbani.

Naipenda sana tamthilia hii. Ndiyo maana naandika, kwa sababu sebuleni kwetu hapa Cheyo, Tabora, iliangaliwa mpaka mwisho, na yaliyosemwa baadaye sijayakuta kwa mashabiki wenzangu wa mbali.

Kwa ambao hamjaiona. Michael Scott ni meneja wa tawi la Dunder Mifflin, kampuni ya kuuza karatasi, mjini Scranton, Pennsylvania. Miaka kumi nyuma alikwenda shule moja akawaahidi watoto wa darasa la tatu, wa familia zisizo na uwezo, kwamba wakimaliza sekondari atawalipia ada ya chuo. Sasa wako mwaka wa mwisho, na yeye hana hela. Pam, mfanyakazi wake, anambana aende akawaambie ukweli, naye anaondoka na Erin wa mapokezi. Shuleni anapokewa kama mgeni rasmi. Chumba cha kusomea kimepewa jina lake. Wanafunzi wameandaa wimbo na kuucheza, na kijana mmoja, Derrick, anasimama kutoa shukrani. Michael amekaa mbele, anapiga makofi, muda unakwenda. Anapokuja kusema, watoto wameshamwaga mioyo yao yote. Na mfukoni hana ada; amewaletea betri za kompyuta mpakato.

Televisheni ya NBC ya Marekani iliirusha tarehe 3 Desemba 2009. Aliyeiongoza ni B. J. Novak, huyo huyo anayeigiza Ryan, mmoja wa wafanyakazi wa ofisi ile.

Aibu yake inachoma kuliko ya vichekesho vingine, na sababu ipo. The Office haina vicheko vya kurekodiwa. Imepigwa kana kwamba ni filamu ya maisha halisi ya ofisi, kamera inahangaika pembeni, watu wanaitupia jicho. Mtoto akiimba, hakuna kicheko cha kukuonyesha ucheke wapi. Unaachwa peke yako na ile sura ya Steve Carell, anayemuigiza Michael, inavyobadilika kidogo kidogo. Kwa hiyo nawaelewa wanaoizima. Ila nikisoma wanavyoeleza maumivu yao, karibu wote wanaumia pamoja na Michael. Wanasikia aibu yake yeye, jasho lake yeye.

Kwetu macho yalikuwa kwa watoto.

Tulikuwa mimi, mama mkwe wangu, mtoto wa kaka yangu aliyemaliza kidato cha sita, na jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu tu. Laptop nimeiunga kwenye televisheni, sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, katikati na chai ya rangi, mimi natafsiri juu kwa juu kwa ajili ya mama. Wimbo ulipoanza mama alicheka, akapiga makofi pamoja nao. Alidhani hela ipo. Nilipomwambia haipo, aliniuliza, "Na watoto wanajua?" Nikamwambia bado. Akasogea mbele ya kiti.

Kijana ndiye aliyeuliza swali ambalo sijaliona likiulizwa kokote. "Shangazi, miaka kumi yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyemfuata kumuuliza?"

Nilitaka kujibu, Mwalimu akaniwahi. Alisema mtoto hamkumbushi mfadhili. Anaogopa kuonekana hana shukrani. Mzazi naye anaogopa zaidi, maana akiuliza na mfadhili akakasirika, itasemwa yeye ndiye aliyeharibu. Kwa hiyo wote wanakaa kimya na kuongeza heshima. Kila mwaka heshima inakua, na kila mwaka swali linazidi kuwa gumu kuuliza. Mwalimu amefundisha watoto wa mji huu miaka mingi na hakusema hivyo kwa kubahatisha. Tabora ni mji wa shule, watoto wanaletwa kusoma Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo na Kazima kutoka kila kona ya nchi, na nyuma ya wengi wao kuna mtu aliyesema "usijali, mimi nipo".

Mimi nina steshenari. Natoa kopi, nabana vitabu, nauza rimu za A4, na kila inapofika katikati ya mwaka, dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana wanajaa mlangoni kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kazi yenyewe naijua kwa vidole. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, yatima aje na cheti cha kifo cha mzazi, fomu ichapwe, ipelekwe serikali ya mtaa ikagongwe muhuri, mdhamini asaini, wakili au hakimu asaini, irudi kwangu niiskani. Ukikosa saini moja umekwama. Na kila msimu anakuja kijana siku dirisha likiwa limefungwa. Ukimuuliza ulikuwa wapi, jibu halibadiliki: kuna mtu aliahidi. Mjomba wa mjini, bosi wa baba, mfadhili fulani. Hakuomba Bodi kwa sababu angeomba vipi wakati ada ipo? Simu ya mfadhili sasa haipatikani.

Ndiyo maana nasema kosa la Michael halikuwa kukosa hela. Mwenyewe anaeleza kwamba alidhani akifika miaka thelathini atakuwa milionea, ikapita. Akadhani arobaini, ikapita. Namwamini. Aliwapenda wale watoto, na wengi wanaoahidi wanapenda kweli. Kosa lake ni kwamba alijua, na akakaa na kujua kwake. Mwaka wa tano angeweza kwenda kusema. Hata mwaka wa nane. Wangelia na kumchukia, halafu wangeanza kutafuta njia nyingine wakiwa na muda mkononi.

Wakirudi ofisini kwa gari, Erin anamfariji. Mwalimu mkuu amemwambia kwamba asilimia 90 ya darasa lile wako kwenye njia ya kuhitimu, asilimia 35 zaidi ya shule nzima. Bila ile ahadi wengi wangeacha. Hapo sebule yetu iligawanyika. Mwalimu alikubaliana na Erin moja kwa moja: mtoto mwenye kitu cha kukitazamia haachi shule, na elimu waliyoipata hakuna wa kuwanyang'anya. Kijana wetu alikataa, akasema basi tuwadanganye watoto wote wafaulu. Walibishana mpaka chai ikapoa, Mwalimu akimwita "mjukuu wangu" na kijana akimjibu kwa adabu lakini hashuki.

Mimi niko karibu na Mwalimu, ila nina neno moja. Waliokesha na madaftari ni watoto. Michael hakuwafundisha hata hesabu moja. Ile asilimia 90 ni yao, na inaniuma kuona katika gari lile inageuzwa kuwa dawa ya kumtuliza yeye.

Halafu kuna hili, na hapa nazungumza kama mtu wa fomu. Episodi ilitoka mapema Desemba. Wamarekani nao wana fomu yao ya kuomba msaada wa serikali wa kusoma chuo, inaitwa FAFSA, na kwa miaka ile ilikuwa ikifunguliwa tarehe 1 Januari. Wenye kipato cha chini wanaweza kupata Pell Grant, ambayo hairudishwi kama mkopo. Kwa mwaka wa masomo 2010/11 kiwango cha juu kilikuwa dola 5,550. Haimalizi ada ya vyuo vingi vya kule, najua. Lakini ina maana wale vijana hawakuwa wamechelewa! Dirisha lao lilikuwa halijafunguliwa hata. Ndani ya kile chumba kulikuwa na walimu, kulikuwa na meneja mzima wa kampuni ya karatasi, karatasi jamani, na hakuna aliyesema: kaeni chini, tulie, halafu tuzungumze fomu. Michael alikuja na betri. Na Derrick alipomfuata nje, alichopata ni ahadi nyingine, safari hii ya vitabu.

Mnaoiruka, rudini muitazame, mara moja tu, mkiwaangalia wao badala ya Michael. Mtazame Derrick anavyosimama. Mtazame nyuso za wanafunzi pale neno linapowafikia, maana haliwafikii wote kwa wakati mmoja, wapo wanaotangulia kuelewa na wapo wanaoendelea kutabasamu kidogo. Ni kazi nzuri mno ya uigizaji kuachwa hivi hivi kwa sababu ya aibu.

Ilipokwisha mama mkwe aliuliza kama inayofuata inaonyesha watoto walifika chuo. Nikamwambia inayofuata ni "Secret Santa", sherehe ya Krismasi pale ofisini, Michael ana hasira kwa sababu Phyllis, mfanyakazi wake, ndiye amevaa nguo za Santa. Watoto hawatajwi.

"Basi zima," akasema. "Siwezi kwenda kwenye sherehe ya yule bwana wakati wale hawajalipiwa." Na mpaka leo sizoni ya sita haijasonga hapa nyumbani. Nikiigusa laptop, anauliza kwanza kama watoto wamerudi.