Siku Goti Langu Liliposhonwa

Goti langu la kulia lilikwama Julai 2016, katika mazoezi ya mpira wa pete huku Majengo, Moshi. Nilidaka pasi nikiwa hewani, nikatua kwa mguu mmoja, na kwa kuwa mchezo huo haumruhusu mtu kukimbia na mpira mkononi, nikageuza mwili ghafla ilhali unyayo umekita kwenye saruji. Kitu kikalia ndani ya goti, na tangu hapo mguu ukakataa kunyooka. Waliokuja nyumbani kunichua kwa mafuta walikuwa na nia njema, lakini hakuna uchuaji unaoweza kuondoa kizuizi kilichojipenyeza kati ya mfupa na mfupa.

Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kilionyesha kuwa meniskasi ya upande wa ndani imechanika. Daktari bingwa wa mifupa alitueleza, mimi na mama, kwamba kila goti lina meniskasi mbili, gegedu laini zenye umbo la nusu duara, ambazo hubeba nusu ya uzito au zaidi mguu ukiwa umenyooka, na zaidi ya hapo goti likikunjwa. Kipande kilichochanika kikikatwa na kutolewa, mchezaji anaweza kurudi uwanjani baada ya wiki nne hadi sita. Kikishonwa, atatembea kwa magongo, atazuiwa kukunja goti kupita kiwango fulani, hatakimbia kabla ya mwezi wa nne hivi, na bado huenda mshono usishike akalazimika kupasuliwa tena. Isitoshe, uamuzi wa mwisho ungetegemea kile atakachokiona akishaingia ndani, kwa sababu damu huifikia meniskasi kwenye ukingo wake wa nje tu, na pasipofika damu ni vigumu kidonda kupona.

Kocha wetu alitaka nikatwe. Mashindano yalikuwa karibu na mimi ndiye niliyekuwa centa, kwa hiyo sikumlaumu kwa kutamani, ingawa naamini kwa dhati kwamba tarehe ya mashindano haipaswi kuwa kipimo cha kuamulia matibabu ya kiungo ambacho mtu atakitembelea hadi uzeeni. Mimi nilikuwa na ushahidi nyumbani. Baba mdogo, aliyekuwa beki hodari miaka ya 1970, alitolewa meniskasi nzima akiwa kijana, na nilipopata akili nilimkuta tayari akishuka ngazi kwa kutanguliza mguu uleule kila mara. Nilipopewa fomu ya ridhaa nilimwambia daktari, “Kama inashoneka, naomba ishonwe.”

Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, hivyo nilikuwa macho muda wote, na daktari aliniuliza kama ningependa kutazama. Runinga ikageuzwa upande wangu. Upasuaji ulikuwa wa matundu madogo: moja la kupitishia kamera nyembamba, jingine la vifaa, huku maji yakisukumwa ndani kulitanua goti ili paonekane. Nilitazamia damu na nyama. Nilichokiona ni weupe mtupu, mifupa iliyofunikwa kwa gegedu linalong’aa, na katikati yake utepe uliokaa mahali pasipo pake. Sehemu ya ndani ya meniskasi ilikuwa imeachana na ukingo wake kwa urefu na kuinuka kama mshikio wa ndoo, ikaangukia katikati ya goti, na hapo ndipo ilipouzuia mguu kunyooka. Daktari aliisukuma kwa kifaa chenye ncha iliyopinda, taratibu, mara ikateleza na kurudi mahali pake. Akazipima kingo zilizochanika kwa muda ulionitia hofu kuliko sindano ya mgongoni. “Binti, imechanika pembeni, penye damu. Tunashona.” Akazikwangua kingo ili zitoe damu na kushikana, kisha nyuzi zikaanza kupita mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza aliunyoosha mguu wangu, nao ukanyooka wote.

Kesho yake alipopita wodini alimkuta baba mdogo kando ya kitanda changu. Baada ya salamu, mzee aliuliza kwa nini enzi zake hawakushona. Daktari aliketi kumjibu, jambo ninalolishukuru mpaka leo. Alisema ujuzi ulikuwapo zamani sana, kwani mwaka 1883 huko Edinburgh daktari Thomas Annandale alishona meniskasi ya mchimba migodi. Lakini kwa miongo mingi madaktari wengi waliiona kuwa ni kiungo kisicho na kazi, hata baada ya daktari Fairbank wa Uingereza kuonyesha mwaka 1948, kwa picha za eksirei, jinsi nafasi ya goti inavyopungua na mfupa unavyoota kingo pale meniskasi inapoondolewa.

“Na langu je, daktari?”

Akamwambia bila kumficha kwamba katika goti lake hapakuwa tena na kitu cha kushona. Kilichobaki ni kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, kutumia dawa maumivu yakizidi, na siku yakishindikana hayo yote, kufikiria goti la bandia. Kisha akamwandikia karatasi ya kwenda fiziotherapia kama aliyoniandikia mimi. Jumatatu iliyofuata tulikwenda wote wawili, mimi kwa magongo yangu na yeye kwa bakora yake, na mtaalamu akatuanzishia zoezi lile lile la kukaza paja mguu ukiwa umenyooka.