Kondo la Ng'ombe katika Mchoro wa Leonardo

Mwaka 2019, ilipotimia miaka 500 tangu Leonardo da Vinci afariki dunia, michoro yake zaidi ya 200 ilionyeshwa katika ukumbi wa sanaa wa Kasri la Buckingham, London, nami nikaenda kuitazama pamoja na mkunga mwenzangu, mzaliwa wa Mombasa. Taa zilikuwa hafifu, kwa sababu mwanga mkali huiharibu michoro ya karatasi, hivyo ilitubidi tuinamie kila fremu ili tuone vizuri.

Kwenye farasi tulipita upesi (sijawahi kuvutiwa na farasi, hata wa Leonardo). Tuliganda mbele ya karatasi ya mwaka 1511 hivi, yenye mtoto aliyejikunja ndani ya mji wa mimba. Umechorwa kwa chaki nyekundu na wino, mistari ya kivuli imelala kama ilalavyo kwa mtu wa mkono wa kushoto, na maandishi yanayouzunguka yanasomwa kutoka kulia. Mtoto ametanguliza matako, magoti ameyakunja na kichwa amekiinamisha, mkao ambao hakuna mkunga asiyeufahamu.

"Dada, hebu tazama hilo kondo," mwenzangu akaninong'oneza.

Kondo la nyuma la binadamu huwa pande moja, bapa na la mviringo kama sahani. Hapa palichorwa vinundu vingi vilivyotawanyika, vile vile nilivyoviona utotoni ng'ombe wetu alipozaa. Leonardo alidai kuwa amepasua maiti zaidi ya 30 za watu, lakini maiti ya mjamzito ilikuwa adimu. Alikuwa amechunguza mji wa mimba wa ng'ombe, akayachukua ya huko akamwekea mwanamke. Nilishangazwa na uthabiti wa mkono wake, kwani vinundu hivyo amevichora kwa uhakika uleule aliochorea vidole vya mguu vya mtoto, na asiyewahi kupokea kondo mikononi mwake asingeshuku lolote. Isitoshe, uchunguzi wake wa mwili haukuchapishwa alipokuwa hai, kwa hiyo waganga wa zama zake hawakupata nafasi ya kumsahihisha.

Mwenzangu alisema angemfelisha Leonardo katika swali la kondo. Mimi nilishikilia kwamba kwa mkao wa mtoto ningempa alama zote, tukabishana hivyo hadi kituo cha Victoria.