Jeni ya kromosomu ya 8 kwenye taya la mtoto

Watoto wenye Burkitt, saratani inayovimbisha taya, tunaowapokea huku Kanda ya Ziwa wengi ni wa miaka mitano hadi minane. Mama atakwambia jino lilianza kulegea, likang'olewa, uvimbe ukazidi, likang'olewa la pili. Wakifika kwetu taya limeshavimba hadi jicho linaanza kusukumwa.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, kwa hiyo ninachokutana nacho ni slaidi. Daktari anavuta seli kwa sindano, napaka kwenye kioo, natia rangi ya Giemsa, nasubiri ikauke. Nikiangalia kwenye hadubini naona seli za duara zilizobanana, ute wake ni wa bluu iliyokoza, na ndani ya bluu hiyo kuna vitundu vidogo visafi. Ni mafuta. Hapa na pale kuna makrofeji, kubwa na zimepauka, zikila mabaki ya seli zilizokufa. Zinakufa nyingi kwa sababu zinazaliwa nyingi mno: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Na seli zenyewe ni seli B, hizi hizi za kinga zinazotutengenezea kingamwili. Hilo sijawahi kulizoea.

Kwenye kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC, inayoisukuma seli igawanyike. Seli B ikiwa imetulia, MYC imezimwa. Kijidudu kikiingia inawashwa kwa muda, seli zinaongezeka, kisha inazimwa tena. Sasa, kwenye kromosomu ya 14 ndiko zilikokaa jeni za kingamwili, na kando yake kuna vipande vya DNA ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuzihimiza jeni za jirani zisomwe kwa nguvu, na ndani ya seli B havipumziki. Kwa wagonjwa wengi wa Burkitt kromosomu hizi mbili zimekatika na kubadilishana vipande, MYC ikaangukia pale pale penye himizo. Ni kama nyaya za nyumba yako zimeunganishwa kwenye jenereta ya jirani asiyezima usiku wala mchana. Baadaye MYC mara nyingi hupata na dosari zake, lakini tatizo la kwanza ni kwamba imehamishwa.

Imekatikaje? Seli B hujikata DNA kwa makusudi. Zina kimeng'enya kiitwacho AID ambacho hukata na kubadili jeni za kingamwili ili zimshike adui vizuri zaidi. Kazi hiyo hufanyika kwenye tezi za limfu na bandama. Mtoto anayeugua malaria tena na tena, sehemu hizo hazipati nafasi ya kutulia, AID inabaki kazini, na siku moja inakata pasipostahili. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwenye panya kwamba maambukizi ya muda mrefu ya vimelea vya malaria hufungua njia ya saratani ya seli B kupitia AID. Kwangu mimi, chandarua kinachotundikwa juu ya mtoto ni suala la saratani pia, na ningependa lisemwe kliniki.

Kuna na kirusi cha Epstein-Barr, kinachopatikana ndani ya seli za uvimbe huu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1958. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu ulizuia ndege kutua, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kwa kuchelewa kikiwa kwenye maji yenye ukungu-ukungu. Mtu angedhani ni bakteria, amwage. Epstein aliangalia tone moja kwenye hadubini, akaona seli za uvimbe zinaelea, hai. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake.

Kirusi hicho nacho kinaishi kwa kuzima jeni zake. Ndani ya seli za Burkitt kinafunga karibu zote, kinaacha EBNA1, protini ambayo seli T, walinzi wengine wa kinga, zinapata shida kuiona. Na seli iliyoendeshwa na MYC kiasi hicho kwa kawaida ingejiua. Kirusi huisaidia isife. Kwa hiyo jeni ya mtu imewashwa isivyotakiwa, za kirusi zimezimwa, na ulinzi unapita bila kushtuka.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayowapa watoto hawa nafasi. Dawa kama saiklofosfamidi hupiga seli zinazogawanyika, na taya linaweza kuanza kunywea ndani ya siku chache. Seli zikifa kwa wingi namna hiyo, potasiamu na asidi ya yuriki humwagika kwenye damu na figo zinaweza kuzimika, ndiyo maana dripu na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, hutangulia dozi ya kwanza. Wenzangu wa vituo vya afya na wa kliniki za meno, jino la mtoto likilegea huku taya linavimba, naomba msing'oe. Mpeni rufaa siku hiyo hiyo, na mwandike kwenye karatasi uvimbe ulianza lini.