Wimbo Uleule, Eafoni ya Elfu Mbili

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, ilikuwa itoke Jumatatu lakini nilikuwa safarini Masasi na chaji nayo ilinisumbua, mnisamehe. Neno letu ni Ezra 3:10-13, kama Biblia iko karibu soma kwanza ndo uendelee na mimi, ni mistari minne tu.

Naanza na hedifoni, msicheke.

Mwaka jana mdogo wangu anayekaa Dar aliniletea hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio lote, za blututhi, na mimi maisha yangu yote nilizoea kuweka simu ndani ya bakuli ili sauti itoke kidogo. Nikavaa, nikaweka ule wimbo wa kwaya yetu tuliorekodi zamani, mnaujua, ule wa shukrani ya mavuno, ambao umepita simu kwa simu, memori kadi kwa memori kadi. Jamani. Nilisikia vitu ambavyo sikujua vimo. Nilisikia watu wanavuta pumzi kabla sauti ya kwanza haijaingia, nikasikia benchi linalia, nikamsikia marehemu baba kule mwisho upande wa besi, anaiachia "amina" amechelewa kidogo wenzake wameshanyamaza, kama alivyokuwa anafanya kila Jumapili na mwalimu anamkazia macho. Nikakaa chini. Miaka yote nimeusikiliza ule wimbo na hiyo amina sikuwahi kuisikia.

Basi nikazoea. Ndani ya miezi michache nikawa mtu wa kukunja uso, redio ya jirani naona kelele, spika ya kanisani naona inakwaruza, kijana akinirushia wimbo mzuri wa injili mi naangalia kwanza umerekodiwa vipi. Halafu mtoto akazikalia. Sina wa kumlaumu, niliziacha mwenyewe kitandani.

Sasa siku ya safari, asubuhi pale stendi ya Mkanaledi, kijana anapita dirishani na eafoni za waya zimening'inia mkononi kama samaki wa kubanikwa. "Kaka hizi og, besi yake utaniambia mwenyewe." Elfu mbili. Nikachukua, maana Mtwara mpaka Masasi ni kama kilometa 200 na jirani yangu kwenye siti alishaanza kukoroma gari halijatoka.

Sitawadanganya wapendwa. Zilikuwa mbaya. Kuna watu wanapenda kushuhudia kwamba kitu cha bei rahisi kumbe ndo kizuri kuliko cha ghali, mi hapo sipo, ile sauti ilikuwa kama kijiko kwenye sufuria. Sauti ya kwanza inachoma, ya tatu inasikika kwa mbali, besi hakuna kabisa. Ila ukizibonyeza na kidole ziingie ndani ya sikio, besi inakuja, ukiachia inakimbia. Kumbe ndivyo zilivyo, kama hazijaziba tundu la sikio vizuri sauti nzito zinavujia nje na zinabaki zile nyembamba. Basi mi kuanzia mjini mpaka njia panda ya Mnazi Mmoja nabonyeza naachia, nabonyeza naachia, wimbo umeisha mara sita na sijausikiliza hata mara moja, nilikuwa nasikiliza eafoni.

Mtama gari ikasimama, wauza korosho wakajaa dirishani, nikanunua za mia tano, vidole vikapata kazi nyingine. Nikasahau kubonyeza. Tunakaribia Ndanda, ule mlima upo kushoto na mawingu yamelala juu yake, nikashtuka yule jirani kaamka ananiangalia. Nilikuwa naimba. Na nilikuwa naimba besi, nafuatana na baba neno kwa neno, kwenye eafoni ambayo besi haina.

Hili jambo likanisumbua nikamtumia voisi mwalimu wetu wa kwaya, ambaye kama mnavyojua huko sekondari anafundisha fizikia, akanijibu kwa voisi ya dakika saba (ndo alivyo). Kwa ufupi anasema hivi: sikio la kijana mwenye afya linasikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde mpaka kama 20,000. Sauti ya mwanaume msingi wake uko kwenye mitetemo mia moja na kitu, besi anashuka chini ya hapo. Lakini simu ya kawaida, ile ya kupiga, kwa miaka mingi ilikuwa inapitisha mitetemo 300 mpaka 3,400 tu. Maana yake baba yako alipokuwa anakupigia, ule msingi wa sauti yake haukuwa unapita kwenye simu. Haukufika kabisa. Zilikuwa zinafika zile sauti ndogondogo za juu zinazozaliwa na ule msingi, na ubongo wako ukizipokea unajua zimetoka wapi, unaujenga msingi wenyewe na unausikia, unasema huyu ni baba. Nilimuuliza kwa hiyo namsikia au simsikii. Akasema unamsikia, ila hakuletwa na waya.

Nimekaa na hilo siku tatu.

Twende kwa Ezra sasa. Wayahudi wamerudi kutoka utumwani Babeli, wamehesabiwa 42,360 sura ya pili, na kati yao wana wa Asafu, ukoo wa waimbaji, ni 128. Nyumba ya Bwana, lile hekalu la Yerusalemu, ilichomwa yapata miaka 50 nyuma. Leo unawekwa msingi tu, hamna ukuta, hamna paa, makuhani wamevaa wameshika panda, wana wa Asafu wana matoazi, wanaanza kuimba kwa kupokezana kwamba Bwana ni mwema na fadhili zake ni za milele. Watu wakapiga kelele za shangwe. Na wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao wakalia kwa sauti kuu.

Nimesikia mahubiri mengi yanawasema hao wazee, kwamba hawana shukrani, wameng'ang'ania ya kale. Mimi siyaoni hayo kwenye andiko. Ezra hawakemei. Mtu aliyekuwa na miaka kumi nyumba inaungua, siku hiyo ana sitini, huyo sikio lake lilishasikia kitu. Ukimwambia afurahie kama kijana aliyezaliwa Babeli ambaye hajui hekalu linafananaje, unamwambia aseme uongo. Hagai baadaye anawauliza wazi kabisa, sura ya 2, nani kati yenu aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na sasa mnaionaje, si kama si kitu? Mungu mwenyewe anajua tofauti ipo. Hakuwaambia wajifanye hawaioni, aliwaambia wawe hodari wafanye kazi, mimi nipo pamoja nanyi.

Ila angalia wimbo. Fungua 2 Nyakati 5, siku ya Sulemani, nyumba imekamilika, dhahabu kila mahali, makuhani 120 wanapiga panda kwa pamoja. Wanaimba nini? Kwamba Bwana ni mwema na fadhili zake ni za milele. Uleule. Siku ya dhahabu na siku ya vumbi na mawe, wimbo ni huohuo mmoja. Kwa hiyo hao wazee waliokuwa wanalia walikuwa wanaujua maneno yote, na mi nadhani, haya ni mawazo yangu, kuna waliolia huku wanaitikia.

Na mstari wa 13 ndo unaonimaliza. Watu hawakuweza kupambanua sauti ya shangwe na sauti ya kilio, na kelele zikasikiwa mbali. Aliyesimama mbali alisikia kitu kimoja tu.

Naandika hivi huku nikijijua. Tangu umeme ule urudi kwa nguvu ukaunguza amplifaya na kinanda pamoja, kwaya yetu inaimba kwa ngoma na kayamba, na kuna mtu mmoja kwenye sauti ya nne, yaani besi, amekuwa anakaa anakunja mikono anasema kwaya imekufa, zamani ilikuwa zamani. Huyo mtu ni mimi. Huu ni mwezi wa pili mfululizo sijaenda mazoezi ya Alhamisi. Vijana wamejifunza nyimbo nne mpya na wanaimba bila besi kwa sababu besi wote watatu wakubwa tumenuna nyumbani. Wanajaribu tu, katoto ka kidato cha pili kanashusha sauti mpaka shingo inatoka mishipa. Alhamisi hii nakwenda. Kinanda hakijapona na sina habari kama kitapona.

Tumalizie safari. Masasi nilifikia kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama, macho yameshaisha nguvu lakini sikio zima kabisa. Eafoni upande wa kulia ulishakufa tangu Chikundi, umebaki wa kushoto. Nikamwamkia, nikapewa maji, nikamwambia mama nimekuletea kitu usikilize, nikamwekea ule upande mzima nikaubonyeza mwenyewe kidogo. Akatulia. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, akacheka peke yake.

"Si baba yako huyu? Bado anachelewa tu."

Nikamwambia ngoja nikutafutie eafoni nzuri kesho sokoni, hii mbovu. Akanitoa mkono, akaishika mwenyewe kwa kidole pale sikioni, akasema rudisha mwanzo. Nikarudisha. Nikaenda kuoga, nikarudi, nikala, saa nne usiku simu ikazima chaji na mama mkubwa bado kidole kipo sikioni.