Mfiche mwenye ndege, ndege yenyewe ionekane

Nina kipokezi cha mawimbi ya ndege juu ya kabati, waya wake unapanda mpaka kwenye antena paani. Kila ndege yenye ADS-B, yaani mtambo wa kujitangaza angani, ikipita inajitaja kwenye megahezi 1090: iko wapi, juu kiasi gani, inakwenda kasi gani, na anwani yake yenye tarakimu na herufi sita. Mahali ilipo inapataja kama mara mbili kwa sekunde, waziwazi, ili rubani aliye jirani naye asikie. Ugomvi wote wa kama mwenye ndege afichwe au la umeanzia hapo, maana anachokisikia rubani nami nakisikia nikiwa nyumbani.

Marekani ililazimisha mtambo huo katika anga zenye shughuli nyingi kuanzia 1 Januari 2020. Desemba 2022 Twitter ikaifunga akaunti ya Jack Sweeney, kijana aliyekuwa akitumia mawimbi hayo kutangaza safari za ndege ya Elon Musk, tajiri aliyekuwa mmiliki wa Twitter yenyewe.

Mamlaka ya anga ya huko, FAA, ina njia mbili za kumsitiri mwenye ndege. LADD inazizuia tovuti zinazochukua data za FAA zisimwonyeshe aliyeomba kufichwa. Mwenye kipokezi chake mwenyewe haimgusi. PIA ndiyo ninayoiunga mkono: ndege inapewa anwani ya muda isiyoonekana kwenye daftari la usajili. Mawimbi yanaendelea, jina halipatikani. Kwa bahati mbaya inafanya kazi ndani ya anga ya Marekani tu.

Kinachoninyima raha ni mtu kuuzima mtambo wenyewe. Tarehe 29 Januari 2025, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria karibu na uwanja wa Reagan, Washington, wakafa watu 67. Helikopta ile haikuwa ikitangaza ADS-B. Sisemi hiyo peke yake ndiyo iliyowaua. Mengi yalikutana usiku ule. Ila sitaki rubani yeyote apewe sababu ya kuuona mtambo huu kama adui.

Na sababu anapewa. Vipo viwanja vinavyotumia mawimbi hayahaya kumtoza rubani wa ndege ndogo ada ya kutua. Marubani wanalalamika, na nasimama nao kabisa: chombo cha kuzuia ajali kisigeuzwe daftari la mdai. Kama uwanja unahitaji pesa, utafute njia nyingine ya kuhesabu waliotua.

Sheria ya Marekani ya 2024 iliwapa wamiliki binafsi wa ndege haki ya kuomba majina na anwani zao za makazi ziondolewe kwenye daftari la usajili lililo wazi kwa wote. Sasa PIA nayo ivuke mipaka, na iwe rahisi hata kwa mwenye ndege ya viti viwili.